Kichwa Chini, Miguu Juu

Kabla ya hesabu kuja tulikuwa na Mwalimu Hopcyn,
aliyelala kando ya jiko la makaa tangu saa tatu,
buti zake zikitoa mvuke, chupa ikichungulia mfukoni.
Miaka minne. Sikujua hata a.
Nasema haya mapema usije ukadhani
ninazililia siku zile.

Kisha serikali kule London ikanunua mizani.
Kila kichwa kitakachosoma mbele ya mkaguzi,
shilingi mbili na peni nane;
kitakachoandika, vivyo hivyo;
kitakachojumlisha, vivyo hivyo.
Kichwa kitakachoshindwa, kapa.
Kichwa kisichofika, kapa.
Mshahara wa mwalimu ukawa wa kuchambuliwa
humo humo kwenye nywele zetu, kama chawa.

Ndipo akaja Cadwaladr Pugh,
mwana wa mpasua mawe, mkavu, asiyeonja kitu,
mnyororo wa saa ukimtangulia mlangoni.
Mwaka wa kwanza alitupandisha juu ya machimbo,
akatutajia ndege kwa Kiwelisi, lugha ya mama zetu,
akatuonyesha jiwe jeusi linavyofunguka
kama kurasa, ukilifuata mkondo wake.
"Usilipige," alisema. "Lisikilize kwanza."
Mwaka ule tulifaulu kumi na mmoja kati ya arobaini.
Baridi ilipoingia, ile saa haikuonekana tena.

Mlima ukafungwa.
Ikabaki Kiingereza, ukurasa wa thelathini na mbili,
asubuhi, adhuhuri, na baada ya uji,
mpaka ukaganda kwenye meno.
Sikuelewa neno. Sikuulizwa.
Rula ikigonga meza, sauti zetu zilipanda na kushuka
kama maji kwenye ndoo ya mtu mwenye haraka.

Siku ya ukaguzi mvua ilikuja kwa ubavu.
Bwana Fanshawe, mwavuli, glavu, treni ya saa tisa.
Mwalimu alishuka mwenyewe hadi kwetu,
akamtoa kaka yangu Ithel kitandani,
surua imemtapakaa,
akambeba ndani ya blanketi
kama mkate unaokwepeshwa mvua.
Mama alimwachia. Hata yeye alijua hesabu.
Ithel akaulizwa saba mara nane.
"Hamsini na sita," akasema, macho kayafumba.
Vema.

Zamu yangu.
Nikasimama, nikafungua, nikasoma
bila kukwama hadi nukta ya mwisho,
ndipo nikaona mkaguzi hanitazami mimi,
anatazama jalada:
mvulana wa kwenye picha amesimama kwa kichwa,
viatu vyake vinakanyaga hewa.

Jiko likakohoa.
Mwalimu Pugh alinitazama kama mtu
aliyemwona mwanawe akiiba sokoni,
na kapu ni la kwake.
Mkaguzi akatazama saa ya ukutani.
Akachovya kalamu.
Vema.

Tulifaulu thelathini na wanane mwaka ule.
Gazeti la wilaya likatuandika.
Ithel tulimzika Jumapili. Shilingi zake
zilifika Machi, na mwalimu akazileta nyumbani
zimefungwa kwenye karatasi ya daftari.
Mama hakufungua mlango.
Zilikaa dirishani, nje,
mpaka peni zikaota ukijani.

Nilijifunza kusoma nina miaka thelathini na minne,
jikoni, binti yangu ndiye mwalimu,
Kiwelisi kwanza, Kiingereza kikafuata kwa mwendo wake.
Hakuna aliyetulipa, na siku nyingine tulisinzia.
Halafu nikakitafuta kile kitabu.
Ukurasa wa thelathini na mbili bado ulikuwa mdomoni;
nikawa nauteremsha neno kwa neno
juu ya karatasi, kama mtu anayevisha mtoto viatu.
Sentensi ya tatu ikanisimamisha.

Ilikuwa habari ya punda.
Miaka yote ile, punda,
na hakuna aliyeniambia.